Ushauri: flati kwenye jengo la zamani la kupanga, sasa linauzwa moja moja (Arusha mjini)

NaiSakina

Wakuu habari za jioni, wakubwa shikamooni. Naomba mawazo yenu maana hii ni nyumba ya kwanza maishani na kwetu hakuna mtu aliyewahi kununua flati, kwetu watu wananunua shamba wanajenga basi.

Iko hivi. Kuna jengo maeneo ya Levolosi, ghorofa nne, chini fremu za maduka juu flati, zote kumi na sita. Miaka yote zilikuwa za kupangisha. Mzee mwenye jengo alifariki na watoto wake wameamua waziuze flati moja moja badala ya kuuza jengo zima. Wamepiga rangi upya, wameweka marumaru, jiko jipya, madirisha ya alminiamu, yani kwa macho panapendeza sana. Niliyoonyeshwa ni ya ghorofa ya tatu, vyumba viwili, sebule, choo cha ndani na kibaraza unaona Mlima Meru wote. Bei milioni 95. Mimi nina milioni 45, akiba ya SACCOS ya kazini pamoja na hela ya kiwanja nilichouza, iliyobaki nafikiria mkopo wa benki.

Yanayonichanganya ni haya. Kwanza hati. Dalali anasema hati ya jengo ipo na yuniti taito (hati ya flati yenyewe) iko kwenye mchakato, kwahiyo nilipe nusu sasa, tusaini kwa wakili wao na kwa mwenyekiti wa mtaa, nyingine nimalizie ndani ya miezi sita. Anasema pia mwisho wa mwezi bei inapanda. Pili sielewi jengo la watu wengi linaendeshwaje, paa likivuja analipa nani, choo cha juu kikimwaga kwangu namdai nani, mlinzi analipwa na nani. Tatu mume wangu anaona bora tukanunue kiwanja Muriet au kule Kisongo tujenge taratibu. Yeye hakatai flati ila anasema "unanunua hewa ya ghorofa ya tatu". Mimi napiga zamu za usiku mjini na watoto wanasoma hapo karibu, sasa hivi tumepanga Sakina laki tatu na nusu kwa mwezi na kila siku nauli na wasiwasi wa kurudi usiku.

Nisaidieni, nimpe dalali jibu gani?

mwana_wa_kaloleni

Dada usitoe hata shilingi wiki hii. Bei kupanda mwisho wa mwezi ni maneno ya dalali, flati kumi na sita haziishi kwa mwezi mmoja hapa Arusha. Subiri wenye utaalamu wa ardhi waje wakueleze hiyo "mchakato" maana yake nini.

Wakili_wa_Ardhi_AR

NaiSakina pole na hongera kwa kufika hapo, kuweka milioni 45 kwa mshahara wa Tanzania sio kazi ndogo. Mimi ni wakili na kazi zangu nyingi ni za ardhi, naomba nikueleze kwa urefu kidogo.

Flati kuwa na hati yake yenyewe kumewekwa na sheria Na. 16 ya mwaka 2008, ndiyo hiyo watu wanaita yuniti taito. Utaratibu wake ni kwamba mwenye jengo anapimisha, inachorwa ramani inayoonyesha kila flati imeanzia wapi imeishia wapi na vitu gani ni vya wote, ramani inapitishwa, inasajiliwa kwa Msajili wa Hati, halafu kila flati inapata hati yake. Hapo ndio unaweza kuuza, kurithisha, kuweka rehani bila kumgusa jirani. Kabla ya usajili huo kinachotambulika serikalini ni hati moja ya kiwanja chenye jengo, basi. Ukilipa leo ukasaini kwa mwenyekiti, ulichonacho ni karatasi ya makubaliano kati yako na hao watoto wa marehemu, kwenye daftari la Msajili wewe haupo. Hao wakigombana, au mmoja akiwa amekopea ile hati kubwa, wewe unaingia kwenye foleni ya wadai. Muhuri wa mwenyekiti wa mtaa unasaidia ushahidi lakini hauhamishi umiliki wa ardhi yenye hati.

Sasa hapa kwako kuna kitu cha mwanzo kabisa kuliko hata yuniti taito. Mwenye jengo amefariki. Je mirathi imefunguliwa? Nani ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama na je jina lake limeshaingizwa kwenye hati? Watoto wa marehemu hawawezi kuuza kwa sababu tu ni watoto. Omba nakala ya barua ya usimamizi, soma namba ya shauri, mwambie wakili WAKO, sio wao, aende mahakamani aone faili lenyewe kama kuna pingamizi. Na uliza kwa heshima, mama yao yupo? Kama mjane yupo hai kuna sehemu yake kwenye mali ya ndoa, na kesi za mjane kusema hakushirikishwa ni nyingi sana. Mimi kwenye jengo la mirathi huwa nataka saini ya kila mrithi mtu mzima hata kama msimamizi ana mamlaka, maana kinachokuja kusumbua baadae ni yule mtoto wa Mwanza ambaye hakuitwa kwenye kikao.

Baada ya hapo fanya sachi ofisi ya ardhi ya mkoa, kwa Msajili wa Hati. Sachi itakuonyesha jina la mmiliki, kama kuna rehani, kama kuna zuio, na umiliki ni wa miaka mingapi. Hiyo ya miaka watu wanaipita lakini kwa jengo la zamani ni kubwa mno. Hati zetu zinatolewa kwa muda, 33, 66 au 99, na flati haiwezi kuwa na maisha marefu kuliko kiwanja ilichosimamia. Waulize pia risiti za kodi ya pango la ardhi.

Kingine ambacho ningekaa nacho muda mrefu kuliko marumaru na jiko ni ile RAMANI ya yuniti. Hapo ndio mumeo atapata jibu la hewa ya ghorofa ya tatu. Ukinunua flati unanunua vitu viwili, ndani ya kuta zako, na fungu lako kwenye vya wote, yani kiwanja, ngazi, paa, kuta za nje, chemba, tanki, uwanja wa magari. Sasa angalia ramani inasema nini kuhusu paa na uwanja. Nimeona mipango ambayo mwenye jengo wa mwanzo anajibakizia paa ili aweke mnara wa simu apokee kodi peke yake, au anajibakizia uwanja wa magari halafu baadae anajenga fremu nyingine hapo. Ikiwa paa ni la wote basi kodi ya mnara ni ya wote na gharama ya kuziba paa ni ya wote. Ikiwa ni lake peke yake muulize likivuja atalitengeneza nani na iandikwe.

Gharama za kuhamisha uzijue mapema. Kuna ripoti ya mthamini aliyesajiliwa, kuna zile fomu za kuhamisha umiliki namba 29, 30 na 35, kuna ushuru wa stempu asilimia moja ambao kwa kawaida ni wa mnunuzi, na kuna kodi ya ongezeko la mtaji asilimia 10 ya faida ambayo ni ya MUUZAJI. Hii ya mwisho wauzaji wengi wanamsukumia mnunuzi kimya kimya kwenye mkataba, isome hiyo ibara.

Fundi_Ngarenaro

Wakili amemaliza ya makaratasi mimi niseme ya jengo lenyewe maana nafanya ujenzi na bomba na majengo haya ya zamani mjini nimeingia mengi

dada jengo lililogeuzwa shida yake linapambwa kwenye macho, marumaru rangi jipsamu, vitu vilivyo ndani ya ukuta vinabaki vilevile vya mzee. Bomba za majengo ya zamani nyingi ni za chuma, zinaliwa na kutu kwa ndani tundu linabaki dogo kama la mrija wa soda, kwahiyo ghorofa ya kwanza maji yanatoka vizuri ya tatu yanachuruzika. Sasa uliza swali moja, wakati mnaweka marumaru mlibadilisha bomba mkaweka za plastiki au mliweka marumaru juu ya bomba za zamani? Kama ni la pili jua kwamba siku bomba likipasuka marumaru mpya zitavunjwa na hela ni yako

Usiende kuangalia saa nane mchana siku ya kazi wakati hakuna mtu. Nenda asubuhi ya jumapili watu wote wanaoga wanapika, fungua koki ya jikoni na ya bafuni kwa pamoja, flashi choo, angalia presha. Halafu omba kwa ustaarabu uingie flati iliyo chini ya hiyo yako uangalie dari la bafu lake, ukiona doa la njano au rangi imebabuka ujue bafu lako linavuja kwenda kwake na utaanza maisha kwa ugomvi. Nje fungua chemba zote uone maji machafu yanatembea au yamesimama. Uliza pia jengo limeunganishwa kwenye mfumo wa majitaka wa mamlaka au lina karo, kama ni karo lipo wapi na linanyonywa kila baada ya muda gani

Umeme, hakikisha kila flati ina mita yake ya LUKU (ya kulipia umeme kabla) kutoka TANESCO kwa jina litakalobadilika kuwa lako. Majengo mengi ya kupanga yana mita moja kubwa na vimita vidogo vya mtaani, mwenye nyumba ndio anakusanya. Hiyo kwa mpangaji sawa, kwa mmiliki hapana, na kumbuka tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa humohumo kwenye LUKU kwahiyo mkiwa na mita moja mtagombana na kwenye kodi pia

Nyufa zipo za aina mbili. Zile nyembamba kama nywele kwenye plasta hizo sio za kukutisha. Ufa wa kukata pembeni kwenye kona ya dirisha au mlango, au ufa unaopita mpaka upande wa pili wa ukuta, au zege limedondoka kwenye bimu unaona nondo ina kutu, hapo simama ita mhandisi aliyesajiliwa na bodi ya wahandisi. Na kitu kikubwa zaidi ni hizo fremu za chini. Fremu zilikuwepo kwenye ramani ya kwanza au zilipasuliwa baadae? Mtu akitoa ukuta au akagusa nguzo apate fremu pana, ghorofa nne zimekaa juu ya kitu ambacho hakikupigiwa hesabu. Kariakoo Novemba 2024 jengo lilishuka na watu ndani na zaidi ya 20 walifariki. Omba kibali cha ujenzi na michoro kutoka jiji, wasipokuwa navyo mlipe mhandisi mwenyewe. Hela ya mhandisi ni ndogo ukilinganisha na milioni 95

Na mvua. Ghorofa ya tatu una moja juu yako sawa lakini paa la jengo ni lako pia. Kama unaweza kusubiri masika ya mwezi wa nne panda juu kabisa siku imenyesha usiku kucha.

mangi_bondeni_moshi

Habari dada Nai. Mimi niko Moshi mjini naishi kwenye jengo la namna hiyohiyo, lilikuwa la kupanga likageuzwa kila mtu akanunua yake, tuko familia nane. Nitajibu lile swali lako la pili maana naona ndilo watu hawalizungumzii.

Sheria inawataka wamiliki muwe na umoja wenu ambao ni chombo kinachotambulika kisheria, kinaweza kufungua akaunti, kushitaki na kushitakiwa, na mnakuwa na kanuni zenu. Sisi mwanzo kabisa tulichofanya ni kukaa kikao na kuandika kanuni kabla watu hawajahamia wote, na naamini hilo ndilo limetuweka salama mpaka leo. Kila flati inatoa mchango kila mwezi kulingana na ukubwa wake. Sehemu inaenda kwa mlinzi, taa za ngazi, usafi na umeme wa pampu ya kupandisha maji kwenye masimtanki. Sehemu nyingine HAIGUSWI, inakaa benki kwa ajili ya paa, rangi ya nje na bomba kuu. Hii ya pili ndio watu wanaipinga kwa sababu hawaioni kazi yake, mpaka siku bati linahitaji kubadilishwa na fundi anataja mamilioni.

Mabishano yapo. Mama wa ghorofa ya chini alikuwa anasema paa halimhusu, wa juu akasema basi na chemba hazinihusu mimi. Tulimaliza kwa kusoma kanuni, vya wote ni vya wote. Yule mama leo ndiye mweka hazina wetu na ni mkali kwelikweli, kila mwezi anabandika matumizi kwenye mlango wa ngazi, nani amelipa nani hajalipa. Sijawahi kuona dawa nzuri ya majirani kuaminiana kuliko hiyo karatasi.

Sasa kwako naona hatari moja. Flati kumi na sita, hao ndugu watauza ngapi na wao watabaki na ngapi? Pamoja na fremu za chini? Kwenye umoja kura zinahesabiwa kwa mafungu, mwenye mafungu mengi ndiye anaamua. Wakiuza tano wakabaki na kumi na moja na maduka yote, nyie watano mtakuwa kama wapangaji tu mliolipa milioni 95, wao watapanga mchango, watachagua mlinzi, watasema lini paa litengenezwe. Na kama flati zao walizobaki nazo wanazipangisha, hawaishi hapo, hawana haraka ya kurekebisha chochote. Waulize wazi mpango wao ni upi, na waandike kwamba na wao watachangia kwa kila flati ambayo haijauzwa tangu siku ya kwanza. Hilo msipoliandika mtabeba jengo zima watu watano.

babaJunior_Muriet

Samahani kwa kwenda tofauti ila namuunga mkono shemeji. Milioni 95? Kwa hiyo hela unapata kiwanja kilichopimwa chenye hati Muriet au Olasiti na unasimamisha nyumba ya vyumba vitatu unahamia finishing ikiwa haijaisha. Huna kikao na mtu, huna mchango, ukitaka kufuga kuku unafuga, wanao wakikua unaongeza chumba. Ardhi ni yako chini mpaka juu. Sisi wengi tumejenga hivyo na watoto wamekua.

Mama_wa_Themi

Baba Junior sikatai, ila tuweke na maisha ya dada kwenye hesabu. Anatoka zamu usiku. Muriet saa tano usiku bodaboda ni shilingi ngapi na usalama wake ukoje kwa mwanamke? Kujenga kidogokidogo maana yake analipa kodi Sakina huku ananunua saruji, miaka minne mitano, bei ya nondo inapanda kila msimu na fundi anahitaji kusimamiwa mchana ambao yeye amelala. Mimi naishi flati mjini, watoto wanatembea kwa miguu kwenda shule na nikiumwa hospitali iko karibu. Nilinunua muda wangu pia, na hiyo ni mali. Cha msingi anunue flati yenye hati, akiikosa hapo Levolosi jengo hilo atafute lingine, kuna hata za NHC, Shirika la Nyumba la Taifa, watu wanauza.

Swali kwako Nai, maji ya hapo ni ya mamlaka au wana kisima? Kama ni kisima kapimishe floraidi. Arusha tunaijua hiyo, meno ya kahawia kwa watoto hayatoki kwa kupiga mswaki. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita na visima vingi kuzunguka Meru vinazidi hapo kwa mbali.

mikopo_dawati

Niko benki upande wa mikopo ya nyumba, nisingependa kutaja ipi. Niongeze mawili matatu.

Benki haikopeshi juu ya mkataba wa mwenyekiti, inakopesha juu ya hati. Yuniti taito ikiwa mchakato hatuna cha kusajili rehani, kwahiyo mpango wa kulipa nusu sasa halafu benki imalizie ndani ya miezi sita unaweza kukuweka pabaya, miezi sita ikifika hati haijatoka, benki haijatoa, mkataba unasema umevunja na milioni 45 zako ziko kwao. Hili ndilo ningeliogopa kuliko yote.

Riba za mikopo ya nyumba kwa sasa ni kama asilimia 15 mpaka 19. Chukua milioni 50 kwa asilimia 16 miaka 15, marejesho ni kama laki saba na thelathini na nne kwa mwezi, ukimaliza umelipa jumla kama milioni 132. Ni zaidi ya mara mbili ya kodi yako ya Sakina na hapo sijaweka mchango wa jengo wala bima. Kaa na mumeo mpige hesabu hiyo kwa mshahara unaoingia mkononi, sio wa kwenye karatasi. Ukipunguza miaka marejesho yanapanda lakini jumla inashuka sana. Mikopo ya muda mrefu hivi imeanza kupatikana zaidi baada ya kampuni ya TMRC kuanzishwa 2010, wao wanazikopesha benki hela za muda mrefu ili nazo zikukopeshe wewe.

Na mume wako atahitajika kuja kusaini. Nyumba ya familia haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzi, sheria ya ardhi iko wazi. Kwahiyo akubali kutoka moyoni sasa, sio siku ya kusaini.

NaiSakina

Jamani asanteni sana, nimesoma kila neno na mume wangu nimemsomea, tumekaa mpaka usiku. Nimerudi na majibu.

Wakili tuliyempata amefanya sachi. Rehani hakuna, zuio hakuna. Msimamizi wa mirathi yupo, ni mtoto wa kwanza, ameteuliwa na mahakama ila jina lake bado halijaingia kwenye hati, hati bado ina jina la marehemu. Mama yao yuko hai, yuko Moshi kijijini, nimeambiwa anajua. Miaka ya hati ndio imenishtua, ni 33 kuanzia 1996. Ramani ya yuniti bado haijapelekwa popote, mpima ndio kwanza amelipwa awali. Wanauza flati sita, kumi wanabaki nazo na fremu zote. Kwenye flati yangu kuna mpangaji na mkataba wake unaisha mwakani mwezi wa tatu, dalali anasema nikishanunua nitamtoa.

Maji ni ya mamlaka, kisima hakuna. Mita za LUKU ziko kila flati. Bomba hawakubadilisha.

Yule msimamizi nimeongea nae mwenyewe bila dalali, ni mtu mstaarabu, anasema hana nia mbaya ila familia inahitaji hela ya kuanzia huo upimaji na ndio maana wanataka nusu. Naelewa shida yao. Je kuna namna ya kulinda hela yangu na wao wakasaidika? Mume wangu amesema kama karatasi zikikaa sawa yuko tayari.

Wakili_wa_Ardhi_AR

Umefanya vizuri kuongea na msimamizi mwenyewe. Mpangaji kwanza, huwezi kumtoa kwa sababu umenunua, mkataba wake unakufuata wewe. Ama umsubiri mpaka mwezi wa tatu na kodi iwe yako kuanzia siku ya kuhamisha, ama wao wakubaliane nae kabla. Iandikwe.

Miaka 33 kuanzia 1996 inaisha 2029. Kuhuisha kunawezekana, maombi yanapelekwa kwa Kamishna wa Ardhi kupitia ofisi ya mkoa, lakini wanaotakiwa kuomba ni wao na wafanye SASA, kabla ya kugawa yuniti, ili yuniti zizaliwe kwenye hati yenye miaka mingi mbele. Mwenzetu wa benki atakuambia mkopo wa miaka 15 juu ya hati inayoisha 2029 haupiti.

mikopo_dawati

Haupiti. Hata wa miaka mitano utaulizwa maswali.

Wakili_wa_Ardhi_AR

Kwahiyo mpangilio uwe huu na uwe kwenye mkataba kwa mfuatano. Msimamizi aingie kwenye hati. Umiliki uhuishwe. Ramani ipitishwe na yuniti zisajiliwe. Ndipo fomu za kuhamisha zisainiwe, benki isajili rehani, hela itoke. Kuhusu hela ya kuanzia, toa kiasi kidogo, mimi nisingevuka milioni tatu au nne, na isiingie mkononi mwa mtu. Ikae akaunti ya wateja ya wakili ambaye pande zote mnamkubali, ilipe moja kwa moja ada za serikali na mpima kwa risiti zenye jina la jengo. Kuna hatari kidogo hapo maana hela ikishalipwa ada hairudi, kwahiyo andikeni kwamba yuniti zisiposajiliwa mpaka tarehe fulani familia inakurudishia yote, na wadhamini wawe warithi wote kwa majina. Wanunuzi wengine watano watafute pia, mkichanga sita kila mmoja anatoa kidogo zaidi na mnakuwa na sauti moja kwenye ramani kuhusu paa na uwanja. Bei ya milioni 95 ibaki hiyohiyo mpaka mwisho, wasije wakasema imepanda kwa sababu ya hati mliyoigharamia nyie.

Na kuhusu mama yao, wakili amfuate Moshi amsomee mkataba kwa lugha anayoielewa vizuri, asaini mwenyewe. "Anajua" haitoshi.

Fundi_Ngarenaro

na bomba zitolewe kwenye bei. Flati moja kubadilisha bomba zote na kurudishia marumaru ni hela ya maana, na lile bomba kuu linalopanda kutoka chini liandikwe kwamba familia inabadilisha kabla ya kukabidhi maana hilo ni la wote na wao ndio wenye mafungu mengi

mangi_bondeni_moshi

Dada hao wanunuzi wengine watano ukiwapata waanzishie hata kagrupu ka simu, mkae kikao kimoja na msimamizi mzungumze kanuni. Muombeni jambo moja, kwamba kwenye maamuzi ya matumizi makubwa, paa, uwanja, mnara, wao na flati zao kumi wasiamue peke yao, ipatikane pia ridhaa ya angalau wanne kati yenu sita. Mtu mstaarabu kama unavyomsema atakubali. Nitumie ujumbe nikupe nakala ya kanuni zetu muone mtakachochukua, ziko kurasa nne tu na ibara ya mchango wa akiba ndiyo ndefu kuliko zote.